Si chazo: hesabu vijiti vya pezi la mgongoni

Swali limetoka Wete, Pemba:

“Assalaam alaykum Maalim. Mwaka juzi kaka yangu alirudi kutoka Dar es Salaam na samaki wawili wa kufuga kwenye tangi la kioo, kila mmoja urefu wa kidole. Muuzaji alimwambia wanaitwa pleko na kazi yao ni kusafisha kioo. Mmoja kafa. Huyu aliyebaki kanishinda: nikimpima kwa mkono anatoka ncha ya kidole hadi karibu na kiwiko, mgongo mgumu kama kigae, na usiku namsikia akikwaruza kioo. Baba ni mvuvi, anasema ni chazo. Jirani anasema ni kambare wa Kizungu. Mwanangu anayesoma sekondari kaona kwenye simu kwamba ni Hypostomus. Nani kapatia? Na kwa kuwa tangi halimtoshi tena, nimtie kwenye kijito cha bondeni kwetu, penye mpunga? Au tumle? Nakuletea picha mbili.”

Waalaykumu salaam, mwanangu. Picha ya ubavuni imenitosha kwa sehemu kubwa ya jibu. Huyo ni wa jenasi, yaani kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu, inayoitwa Pterygoplichthys. Jina gumu, nakubali. Litamke vipandevipande utalizoea. Jirani yako kapatia nusu, mwanao kakosa kidogo, mzee wako kakosa kabisa. Lakini kosa la mzee ndilo ninalolipenda, basi nianze nalo.

Mvuvi wa Pemba akiambiwa kuna samaki aliyegandia mahali, akili inakwenda kwa chazo, tena kwa haki. Chazo anajibandika kwa papa, kwa kasa, hata kwa ubao wa chombo, anasafiri bila ya nauli. Wazee wa mwambao walikuwa wakimfunga kamba mkiani wakamwachia akamgandie kasa, kisha wakavuta taratibu wote wawili. (Siku hizi kasa ni marufuku kuvuliwa, usije ukamchochea mzee.) Sasa muulize baba yako jambo moja tu: chazo anagandia kwa wapi? Atakwambia kwa utosi. Kile kibao chenye mistari kama ngazi juu ya kichwa cha chazo ndicho pezi lake la kwanza la mgongoni, limebadilika umbo hadi halifanani tena na pezi.

Wako anagandia kwa mdomo. Ukimtazama kutokea upande wa pili wa kioo utauona mdomo wenyewe uko chini ya kichwa, midomo imetanda duara mfano wa chuku ya mpiga chuku. Na pezi la mgongoni analo kamili, pana, akilisimamisha ni kama tanga la ngalawa. Viumbe wawili wanafanya kazi moja kwa viungo viwili mbalimbali. Anayepanga wanyama kwa nasaba hatazami kazi, anatazama kiungo, na hapo chazo na huyu wanaachana mbali sana.

Jirani aliyesema kambare ameshika mwanzo wa nasaba. Kuna oda kubwa, Siluriformes, na humo ndani wamo kambare wa matopeni, hongwe wa baharini anayewachoma wavuvi mikono, na gogogo wa mito na maziwa ya bara. Alama zao mbili za haraka ni sharubu na kukosa magamba. Wako anazo sharubu, ingawa ni fupi, moja kila pembe ya mdomo. Wengi hawazioni wakadhani ni nyama ya midomo. Na magamba hana, ingawa najua utanibishia kwa huo mgongo wa kigae. Nitaufikia. Ila “wa Kizungu” siyo. Kwao ni Amerika ya Kusini: mito ya Amazon, Orinoco, Paraguay na Paraná. Uzungu wake ni wa dukani tu.

Ndani ya oda hiyo yeye ni wa familia ya Loricariidae. Neno limetokana na Kilatini, lorica, yaani deraya, lile vazi la chuma la askari wa kale. Ni familia kubwa kuliko zote za ukoo wa kambare, ina spishi zinazokaribia au kupita 1,000 kwa kuwa kila mwaka wanaelezwa wapya, na wote asili yao ni kuanzia Costa Rica kushuka hadi Argentina. Afrika haina hata mmoja wa asili. Mito ya bara ina samaki wadogo wa jenasi ya Chiloglanis ambao nao hunyonya mawe kwa midomo, na nimeshaona watu wakiwaita pleko wa Kiafrika. Mshike Chiloglanis mkononi: ngozi tupu, laini, inateleza. Yeye ni jamaa wa gogogo, huo mdomo kaupata kwa njia yake.

Sasa mwanao. Asione haya, maana alichokosea yeye wamekosea wenye maduka dunia nzima. Mwaka 1758 Linnaeus, bwana wa Uswidi aliyeanzisha utaratibu wa kumpa kila kiumbe majina mawili, alimpata mmoja wa familia hii akamwita Acipenser plecostomus. Acipenser ni samaki wa nchi za baridi mwenye safu za mabamba ya mfupa mwilini na mdomo chini ya pua, yule ambaye mayai yake meusi yanauzwa bei mbaya. Kwa hiyo hata Linnaeus alifanya kama alivyofanya baba yako: aliona kitu kimoja kinachofanana akaunganisha. Mwaka 1803 Mfaransa Lacepède akamtoa huko akampa jenasi yake, Hypostomus, yaani mdomo wa chini. Lile neno plecostomus, mdomo uliokunjwa, wafanyabiashara wakalikata wakabaki na pleko, wakawabandika wote wanaonyonya kioo. Kumwambia muuzaji akupe pleko ni sawa na kwenda sokoni ukasema nataka ndizi, usiseme mkono wa tembo wala pukusa. Wafugaji wenyewe walichoka, na mwaka 1988 jarida moja la Ujerumani likaanza kuwapa samaki wa familia hii namba zenye herufi L wakati wanasubiri majina ya kitaalamu.

Tofauti ya Hypostomus na wako imo kwenye pezi la mgongoni. Nikueleze ninavyofanya mimi, na ukitaka ufanye na mwanao pembeni. Usimtoe kwa wavu. Miiba yake na ukali wa ngozi vitanasa kwenye nyuzi na utamuumiza ukijaribu kumnasua. Muingize kwenye beseni ndani ya maji ya tangi lake, mfunike kichwa kwa kitambaa kilicholowa, naye atatulia. Kwa ncha ya kidole linyanyue pezi la mgongoni polepole. Mbele kabisa utagusa kifupa kidogo kama kifungo, hicho ni komeo la kulifunga pezi lisimame, kiache. Nyuma yake kuna mwiba mmoja mgumu, huo nao uache. Kuanzia hapo hesabu vijiti laini vinavyogawanyika nchani kama chelewa iliyochanwa. Hypostomus anavyo 7. Pterygoplichthys anavyo 9 au zaidi, na mara nyingi vinafika 10 na kupita. Katika picha yako nimehesabu mara tatu nikapata 12, mara moja 13 kwa sababu ya mwanga uliopiga kioo. Hata ukinipunguzia viwili kwa macho ya uzee, bado Hypostomus hatufiki.

Hawa wawili hata hivyo ni ndugu wa karibu. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2015 umewaweka pamoja kwenye kundi dogo la Hypostomini, ndani ya nusu-familia ya Hypostominae. Mwanao alifika nyumba inayohusika, akagonga mlango wa chumba cha pili.

Jina lenyewe la jenasi lilitolewa mwaka 1858 na Mmarekani Theodore Gill, akiandika juu ya samaki wa maji baridi wa kisiwa cha Trinidad. Ni Kigiriki kilichoshonwa: pezi, silaha, samaki. Spishi iliyochukuliwa kuwa kielelezo cha jenasi leo inaitwa etentaculatus, jina lililotolewa na Spix na Agassiz mwaka 1829, na maana yake ni asiye na minyiri. Ukisikia hivyo utauliza, samaki gani basi mwenye minyiri kama pweza? Wapo: jamaa zake wa jenasi ya Ancistrus, madume yao yameota vinyama vingi puani kama kichaka. Wako pua yake ni safi.

Baada ya Gill mambo yakavurugika kidogo, na hili nalieleza kwa sababu utakutana na majina ya zamani ukadhani ni samaki wengine. Mwaka 1864 Albert Günther wa London, yule yule ambaye miaka michache baadaye alishirikiana na Playfair, mwakilishi wa Uingereza hapa Unguja, kuandika juu ya samaki wa Zanzibar, alitoa jina Liposarcus. Mwaka 1991 na 1992 Claude Weber wa Geneva akaigawa jenasi vipande vitatu: Pterygoplichthys, Liposarcus, na jipya alilolitunga, Glyptoperichthys. Miongoni mwa alivyovitazama ni kile kifupa cha nyuma ya kichwa, kama kimeinuka kuwa nundu au kimelala. Kisha Jonathan Armbruster wa Marekani akachambua mifupa na matumbo ya mamia ya samaki wa familia hii, na mwaka 2004 akavirudisha vipande vyote chini ya jina moja la Gill. Wataalamu wengi wako naye, nami pia. Jina la jenasi nalitaka limsaidie aliyeshika samaki mkononi, na hesabu ya vijiti inamsaidia. Kubishana juu ya nundu kunawasaidia wenye darubini tu. Ila Weber hakutupwa: mwaka 2006 Armbruster na Page walipoeleza spishi mpya ya jenasi hii waliiita weberi.

Basi ukikuta Liposarcus pardalis au Glyptoperichthys gibbiceps, ujue ni hawa hawa.

Tuje kwenye kigae. Gamba la changu au la kibua unalikwangua kwa kisu likaruka, kwa sababu limechomekwa kwenye ngozi kama bati kwenye bati. Ukoo wa kambare uliyapoteza magamba ya namna hiyo zamani sana. Alichonacho samaki wako ni mabamba ya mfupa yaliyoota ndani ya ngozi, na kila ubavu yamepangwa safu tano kutoka nyuma ya kichwa hadi mkiani. Huwezi kuyakwangua. Mpitishe kidole kutoka kichwani kwenda mkiani, utahisi mparazo tu. Rudisha kidole kutoka mkiani kwenda kichwani: atakukwangua kama mbuzi ya nazi. Hivyo vinavyokukwangua ni meno, nasema meno kwa maana yake halisi. Juu ya kila bamba, na kwenye miiba ya mapezi, mmeota vijino vidogo mno vyenye uti ndani na tabaka gumu juu, kama jino la mdomoni. Papa naye ana jambo la aina hiyo kwenye ngozi, ndiyo maana ngozi yake kavu inaweza kusugulia mbao.

Tumboni hana mabamba makubwa, ila akishakua tumbo zima hujaa vibamba vidogovidogo kama chenga za mchele. Mdogo kabisa tumbo lake liko wazi.

Mapezi mengine nitayapitia haraka. Ya kifuani yana mwiba mnene mbele, anaweza kuukaza ukasimama wima kwa pembeni asimezeke. Kule Puerto Rico, walikopandikizwa, imeandikwa kwamba ndege aina ya mwari waliowameza walikufa kwa kukabwa na miiba hiyo. Na karibu na mkia, juu, lipo pezi dogo la ziada lenye mwiba mmoja mbele yake. Kambare wa matopeni hana kabisa pezi hilo. Hongwe analo, lakini lake ni kinyama laini.

Mdomo ndio hasa wa kutazamwa. Ndani ya ile duara ya midomo mna safu mbili za meno membamba kama nywele za brashi, ncha zake zimepinda na zina rangi ya kahawia. Taya la chini limegawanyika kushoto na kulia, na kila upande unaweza kuzunguka peke yake. Hapo ndipo unapotoka ule mkwaruzo unaousikia usiku. Watu humuuliza mtaalamu: akiwa kagandia kioo, anavutaje maji ya kupumua? Mdomo haujabana pande zote sawasawa; pale zilipo zile sharubu mbili maji kidogo yanapenya, yanapita ndani na kutokea kwenye mashavu, bila ya yeye kubanduka.

Tena mmulike kwa tochi ya simu usiku. Kwa dakika moja utamuona mboni yake ni duara nyeusi. Mwanga ukiendelea, kipande cha ngozi kinateremka kutoka juu ya mboni kama pazia dogo na kubakisha mwanya wa umbo la kiatu cha farasi. Zima tochi, pazia linapanda. Nimeshawaonyesha watoto jambo hili mara nyingi na sijaona aliyeangalia mara moja tu.

Ndani ya tumbo kuna vitu viwili. Utumbo wake ni mrefu mara nyingi kuliko mwili, umeviringwa kama kamba iliyopangwa duara kwenye sitaha, kwa sababu anakula mwani, utelezi wa mawe na mabaki ya majani yaliyooza, chakula chenye nguvu kidogo. Ndiyo sababu ya zile nyuzi ndefu za kinyesi unazozisafisha kila asubuhi; samaki anayesifiwa kwa usafi ndiye mchafuzi mkubwa wa tangi. Kitu cha pili ni tumbo la chakula lenyewe. Limepanuka, ukuta wake mwembamba unapitisha mwanga, limetandwa na mishipa ya damu, na kazi yake kubwa imekuwa ni kuweka hewa. Umeshamuona akipanda juu ghafla, akakata maji kwa mdomo, akashuka na kutoa mapovu? Alikuwa anameza pumzi. Maji yakikosa hewa safi, samaki wenzake wakafa, yeye anaishi. Nje ya maji, akiwa na unyevu, anastahimili saa nyingi.

Spishi gani hasa? Zipo zaidi ya 10 katika jenasi hii, lakini zinazofika madukani ni chache. Gibbiceps, aliyeelezwa na Kner mwaka 1854, ana nundu nyuma ya kichwa na madoa makubwa ya kahawia kama twiga, wako siye. Multiradiatus wa Hancock, 1828, jina lake lina maana ya mwenye vijiti vingi, ana madoa meusi ya duara mwili mzima. Wanaobaki ni pardalis wa Castelnau, 1855, na disjunctivus wa Weber, 1991. Pardalis ni “kama chui”: tumboni ana madoa meusi kila moja limesimama peke yake. Disjunctivus tumboni madoa yameungana yakawa michirizi inayopinda kama njia za mchwa kwenye mbao. Ndiyo maana nahitaji picha ya tumbo. Lakini usiumie sana, kwa kuwa wengi wanaouzwa wametoka mabwawa ya kufugia ya Asia na Marekani, na spishi hizi mbili zinazaana. Watoto wanatoka na tumbo la huku na la kule.

Sasa kijito. Usimtie, wala usimpe mtu atakayemtia. Sikwambii kwa sababu ya sheria. Ninakwambia kwa kutazama mwili tulioueleza. Adui wa kummeza hapo bondeni hana, deraya na miiba inamtosha. Maji yakipungua kiangazi na kubaki dimbwi la moto, atameza hewa. Kijito kikikutana na maji ya chumvichumvi ya mikokoni, anaweza kuvumilia: huko Mexico wamekutwa kwenye maji ya namna hiyo. Kinachomzuia ni baridi kali, na Pemba haina.

Kisha kuna kuzaa. Dume huchimba shimo kwenye kingo za udongo, linaingia ndani mita moja au zaidi, jike anataga humo mayai kwa mamia, dume anakaa kulinda. Fikiria matuta ya mpunga ya bonde lenu yakitobolewa hivyo pande zote, kisha ije masika. Huko Florida kingo za mifereji zimemomonyoka kwa mashimo haya. Katika bwawa la Infiernillo, Mexico, lililokuwa na uvuvi mkubwa wa perege, wavuvi walifika pahala nyavu zinapanda zimejaa hawa badala ya perege, tena zimechanika; wakamwita samaki shetani. Indonesia wanamwita samaki fagio, Ufilipino jina lake ni la mfagiaji wa ofisi, na nchi zote mbili sasa wanahangaika kuwatoa mitoni. Kwa upande wetu wa Afrika wameshathibitishwa mto wa Nseleni huko KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Karibu kila pahala palianza na tangi lililokuwa dogo, au mafuriko yaliyopita kwenye bwawa la mfugaji. Unguja mito mingine inazama ardhini kwenye mapango ya mawe, na Pemba vijito ni vya kuhesabika. Visiwa vyenye maji baridi machache namna hii sivyo vya kufanyia majaribio.

Na mmoja peke yake hazai, utasema. Kweli. Lakini kaka yako alileta wawili, muuzaji yule aliwauzia na wengine, na wewe hujui jirani wa bonde la pili ana nini kwenye tangi. Kujua dume na jike kwa macho ni shida hata kwangu. Kuna kinyama kidogo nyuma ya njia ya haja, kwa dume kimejitokeza kama kisiki, kwa jike kimelala, na mpaka uwe umewashika wengi ndipo unaamini ulichokiona.

Kuliwa analiwa. Brazil, hasa jimbo la Pará, wanamwita acari na wanamchoma juu ya makaa na deraya yake, ikishaiva wanaipasua na kutoa nyama kama unavyofungua kaa. Nyama ikizidi wanaikausha, wanaisaga na kupata unga unaoitwa piracuí, wanaupikia na viazi na mayai. Mimi ningemfikiria hivyo samaki wa mtoni kwao. Huyu wa kwako amekaa miaka miwili kwenye tangi, na hujui alitiwa dawa gani dukani kabla ya kufika kwako. Sumu za maji anazikusanya pia mwilini kwa kuwa anakula tope. Nisingemtia kwenye mchuzi.

La kufanya ni kumjengea hodhi la saruji uani, lenye kivuli, kina cha kufika gotini, urefu usiopungua mita mbili, na juu liwe na wavu. Mwagia mimea maji machafu ya hodhi, usiyaelekeze kwenye mfereji. Mtilie bomba fupi pana la plastiki ajifiche mchana, mpe tango, boga na majani ya mchicha yaliyochemshwa kidogo. Anaweza kufika nusu mita na kuishi miaka zaidi ya 10, kwa hiyo usijenge kwa haraka.

Siku ya kumhamisha ndiyo siku ya kumpiga picha ya tumbo, kwenye sinia jeupe, bila ya mwanga wa kamera. Madoa yakiwa yamesimama peke yake, mwanao aandike pardalis kwenye ukuta wa hodhi. Yakiwa yameungana, disjunctivus. Na ukikuta madoa kifuani na michirizi kiunoni, kama ninavyohisi, aandike Pterygoplichthys aache hapo hapo. Mzee akija kutazama mnaweza kumhesabia vile vijiti.